Vijiti vya Ukingo wa Mto

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini macho yanaendelea kupona na kwamba wifi hakuchoshi kwa uji wake mzito. Huku sote wazima. Mjukuu wako mdogo anaota meno, kwa hiyo hakuna anayelala. Ukikuta mstari umepinda, ujue hapo nilisinzia.

Ulipokwenda hospitali uliniachia nyumba na neno moja tu, kwamba ukirudi ulikute jiko lako. Wakati ule mafuriko yalishakula ukingo wa mto, zikabaki hatua nne kufika mlango wa jiko. Kila asubuhi nilizipima kwa miguu yangu. Zilipobaki tatu, nikamwita yule dada wa ofisi ya mazingira, tunayemwita Bibi Mizizi.

Akasema ukingo hushikwa na mimea iliyozaliwa na mto wenyewe: matete chini, mikuyu juu. Miche hakuwa nayo, ila alisema kijiti kibichi cha mkuyu, unene wa mpini wa jembe, ukikichomeka kwenye udongo wenye maji hutoa mizizi chenyewe. Jirani yetu Mzee Saruji alicheka sana. Alisema hajawahi kuona mto ukiogopa kijiti. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba ukuta wake wa saruji sasa uko kijiji cha tatu na bado unaendelea na safari. Kesho yake akaja na panga begani kusaidia.

Nikatafuta vijiti sitini. Mzee Saruji akavichomeka vyote mwenyewe, na Bibi Mizizi alipokuja kukagua akakuta vimesimama kichwa chini, macho ya kuchipua yanatazama ardhini. Mzee akajitetea kwamba mti wenye akili hujua wenyewe juu ni wapi. Vikakauka. Nikatafuta vingine sitini.

Hivyo vilipoanza kushika, mjukuu wako mkubwa akasikia kwamba vijiti vinaota mizizi kama mdogo wake anavyoota meno. Basi akawa anaving'oa kila asubuhi kuangalia kama imetoka. Alivirudisha kwa uangalifu, vingine akavifunika kwa shuka la mtoto visipate baridi. Nilimkalisha chini, nikamkanya, nikambusu, nikalichukua lile shuka. Kisha nikatafuta vijiti vingine themanini.

Wiki iliyopita mvua ilipiga siku tatu mfululizo. Mto ukapanda, ukalala juu ya matete, ukavuta vijiti hadi ukachoka, ukashuka. Nikapima: hatua tatu. Nikapima tena, hatua tatu zile zile. Nikakaa mlangoni pa jiko nikalia kidogo, halafu nikaosha vyombo.

Sasa Mama, kaa kitako. Wifi anasema macho yako yanasoma hata bango la ng'ambo ya barabara, ndiyo maana naona heri usikie kwangu kabla hujajionea. Mafuriko yaliondoka na mikuyu yote ya huku isipokuwa mmoja: wako, wa mbele ya nyumba, ule ambao hukuruhusu hata kamba ya nguo ifungwe. Kwanza nilikata matawi ya nyuma tu, yasiyoonekana. Halafu Mzee Saruji akavipindua, nikakata tena. Halafu mjukuu wako akaving'oa, nikakata yaliyobaki. Sasa umebaki kama nguzo ya umeme. Mwanao hana kosa. Alikataa katakata, kisha akanishikia ngazi huku amefumba macho asije akaitwa shahidi.

Siombi radhi kwa kukata. Ningekuuliza ungekataa, tukabaki tunabishana kwa simu huku jiko linaelea. Naomba radhi kwa jingine. Watu walipouliza, nilisema umeutoa mwenyewe kwa moyo mweupe, na wameamini. Mzee Saruji alitikisa kichwa akasema kumbe miaka yote hii hakukujua vizuri. Siku utakayofika watakupokea watu arobaini, na Bibi Mizizi ameandaa hotuba ya kukushukuru. Nakusihi utabasamu hadi wa mwisho aondoke. Kisha niite jikoni, ufunge mlango, unigombeze utakavyo. Jiko lipo.

Msalimie wifi na wanawe. Wajukuu wanakubusu, mmoja kwa meno mawili.

Mkaza mwanao,
Mama Wawili