Bangili za Nana na hisa za Mrima

Mishi, natoka kwa Nana sasa hivi.

Wajua kwa nini hamtaji kakake, Khatibu?

Mwaka wa 1959, pale Likoni, alimwambia, "Dada, nipe bangili zako niuze, nikununulie hisa za wazungu wachimbao madini adimu kilimani Mrima." Akampa zote. Bangili za mahari, Mishi. Zote.

Baadaye akaja analia, kampuni imekufa. Nana ndiye aliyembembeleza.

Kumbe aoa mke wa pili kwa siri Kisauni, na mpambaji aliyeitwa na kwao biharusi ni Nana, asijue bwana harusi ni nani. Biharusi akafungua kijaluba cha mapambo yake. Bangili zile zile.

"Kanipa Khatibu."

Nana akamvisha moja moja, wallahi, kisha akasema, "Mwambie bwanako, dadake ameziona hisa zake."