Niliibia Kipimo cha Moyo, Sasa Mwanangu Anaringia Moyo Wangu

Mpendwa mshauri, marahaba, maana najua ungeniamkia, na naomba msaada katika jambo nililolificha tangu mwaka jana: mimi, niliyesimamia mitihani ya shule miaka yangu yote ya kazi na kuwatoa nje wengi kwa kuibia, niliibia kipimo cha moyo.

Kifua kilikuwa kikinibana nikipanda ngazi, na daktari akataka kuutazama moyo kwa ultrasaundi ukiwa umetulia, kisha ukiwa unakwenda mbio, kwa sababu mshipa uliobanwa hujionyesha pale moyo unapodai damu nyingi, akanionya nisimeze asubuhi hiyo kidonge changu cha kutuliza mapigo, lakini mimi nikajiambia mtihani ni mtihani na moyo mtulivu ndio utakaopata alama nzuri, nikakimeza. Nikatembea kwenye mashine ya mkanda unaokimbia kwa maringo mpaka magoti yakakataa, mapigo yasipande inavyotakiwa, na daktari akasema hawajaona kasoro lakini kipimo hakikutimia, kirudiwe. Nyumbani nilifikisha nusu ya kwanza tu ya maneno yake. Mke wangu akasema, "Basi hatutapumua humu ndani." Kweli hawakupumua, nilijisifu mpaka majirani wakaniita Mzee Injini.

Kimya kimya nikarudi, safari hii bila kidonge, nikalazwa ubavu wa kushoto, dawa ya kuukimbiza moyo ikiingia kwa dripu, na kwa kuwa picha yangu ilikuwa na ukungu, binti wa ultrasaundi akanidunga viputo vidogo mno vya gesi vinavyong'aa kwenye kioo ili kingo za moyo zionekane. Mshauri, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile: chumba cha moyo wangu kilijaa mwanga, kuta zikikaza na kulegea pamoja, nikajivuna kama niliyeujenga mwenyewe. Mapigo yalipopanda, ukuta wa mbele ukazembea.

"Unauona huu, babu? Wenzake wanakaza, huu umechoka."

"Moyo wa nani huo?"

"Tuko wawili humu, babu, na aliyelala kitandani si mimi."

Vipimo vilivyofuata vikathibitisha kwamba mshipa mkubwa wa mbele umebanwa vibaya, na kwa hali ya mwili wangu imebaki dawa tu. Siku zangu zimepungua. Kuvuka chumba ni safari, nami nasingizia uzee. Lakini mwanangu mkubwa, fundi wa lifti, naye anashika kifua akipanda kwenye chumba cha mitambo, na mkewe akimhimiza aende hospitali anamjibu, "Baba alipasi akiwa na miaka themanini. Sisi tuna mioyo ya chuma." Anavyolisema najaa fahari, hata mimi ninayejua. Nimwambieje nisishuke machoni pake?

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu, na pole kwa maumivu. Sasa tuache adabu kidogo. Umeniuliza habari ya heshima yako, na mimi naona kifua cha mwanao. Kipimo hakigawi alama. Uliwapa madaktari moyo uliofungwa breki, ukachukua nusu ya jibu, na nusu hiyo ndiyo kijana anayotembea nayo ngazini.

Usimtishe pia. Ugonjwa wa baba wa miaka themanini si hukumu kwa mtoto, na huenda yake ni mengine kabisa. Lakini anayebanwa kifua akipanda ngazi haangalii ukoo wake, anakwenda kupimwa.

Mwite leo. Usianze na historia yako ya utumishi. Mweleze kidonge, kipimo cha pili na jibu lake. Aache kupanda mpaka daktari amwone, na maumivu yakija akiwa amekaa tu, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Dawa yoyote aisimamishe au aimeze kwa neno la daktari, si kwa akili za nyumbani kwenu. Mkeo naye aambiwe. Ana haki ya kujua anamtunza mgonjwa gani.

Jibu hili nilimpelekea mzee mwenyewe kwanza, kwa kuwa halikuweza kusubiri gazeti. Ameniruhusu nichape alichoniandikia baadaye:

"Nilimwita, nikamweleza. Alinisikiliza amesimama, kisha akakaa. 'Mzee,' akasema, 'kumbe ulikuwa unawakamata wenzako.' Mama yake alicheka, kisha akatoka nje kulia. Siku ya kipimo niliomba nipelekwe kwa kiti cha magurudumu, nikamwona analala ubavu, mapigo yakapandishwa, akavumilia bila maringo hata kidogo. Mshipa mmoja umebanwa, nao umewahiwa. Kila anayekuja kunijulia hali namwambia: mwanangu amepimwa, tena amepimwa sawasawa. Sijawahi kujivunia mtu hivyo. Jana, akininyooshea mito, aliniuliza kwa nini hasa nilimeza kile kidonge. Nilikuwa na maelezo marefu, nikayaacha. Nilikimeza kwa sababu niliogopa."