Uso Wangu, Machozi ya Jingshu

Jumatatu, 8 Machi

Jingshu amekiona cha mtema kuni! Nimeamka na habari hiyo kwenye simu, nikanywa uji wangu kwa raha zangu zote. Mtu kavujisha sauti yake. Yuko garini, hajui kama anarekodiwa, anasema wanaotazama tamthilia zake ni nguruwe, wape pumba zozote watabugia. Nguruwe! Kufika saa sita mchana nchi nzima inamtukana. Mabango yake ya vipodozi yameng'olewa. Jina lake limefutwa kila mahali, utadhani hakuzaliwa.

Miaka minne tulilala chumba kimoja chuo cha maigizo. Yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Walimu walikuwa wakisema: mtazameni Miao Jingshu anavyofanya. Halafu: Lian Suyun, wewe sogea kidogo, unamkinga. Tangu tumalize, yeye kacheza malkia. Mimi nimecheza vijakazi, wapishi, na siku moja maiti.

Jioni Mwongozaji Pang kapiga simu. Pang huyuhuyu aliyenipita kwenye lifti juzijuzi kana kwamba mimi ni nguzo! Tamthilia yake, Mbweha wa Kilima Cheupe, imeshakamilika, inangoja kurushwa. Na mbweha mwenyewe ni Jingshu. Stesheni imesema uso ule usionekane. Kurekodi upya haiwezekani, seti zimeshabomolewa. Kwa hiyo uso wa Jingshu utabanduliwa kwa kompyuta, ubandikwe wa mwingine.

"Wewe na yeye mifupa ya uso inalingana," kasema. "Hakuna aliyewahi kukwambia?"

Nimemjibu nitafikiria. Halafu nikasema ndiyo kabla hajavuta pumzi.

Jumanne, 9 Machi

Mlangoni pa studio wamewasha makaa kwenye beseni wakaniambia niruke, ili nuksi ya Jingshu isinishike. Nimeruka. Kisha nikarudi nikaruka tena, usalama kwanza.

Ndani ni kiti kimoja na kitambaa cha kijani. Nimetiwa nukta nyeusi uso mzima. Mbele yangu kioo cha kompyuta kinamwonyesha Jingshu, nami namfuata: akigeuka nageuka, akicheka nacheka. Mwili ni wake, shingo ni yake, mikono ni yake. Mimi ni hii nyama ya mbele tu. Fundi wa kompyuta anaitwa Bi. Ou, mama wa miwani asiyecheka. Nilipoanza kuweka hisia kidogo kanikatiza: "Usiigize. Fuata."

Hadithi yenyewe ni ileile bibi zetu walitutishia nayo tulale. Mbweha anavaa umbo la msichana, anaolewa na msomi maskini, wawindaji wanamuua mama yake, siri inafichuka. Kila baada ya miaka michache televisheni inafukua mizuka hiyohiyo na kuivalisha hariri mpya. Ila siku hizi wakubwa hawataki ushirikina. Mzuka wa kisimani kaandikwa upya, sasa ni mwanamke mwenye homa! Mbweha kaponea chupuchupu, kwa sharti mwishoni atubu.

Ijumaa, 12 Machi

Leo Bi. Ou kanionyesha kazi ilivyofika. Anabonyeza, uso wa Jingshu unafifia, pua inayeyuka, macho yanazama, halafu naibuka mimi.

Nimemwomba arudie.

Nimemwomba arudie tena. Kanitazama kwa juu ya miwani, karudia.

Chakula cha mchana Pang kanivutia kiti. Mimi! Wale wasichana wa mavazi waliokuwa wakiniita "wewe wa nyuma" sasa ni Dada Suyun huku, Dada Suyun kule, Dada Suyun chai imepoa nikubadilishie? Nimekubali ibadilishwe. Haikuwa imepoa.

Alhamisi, 18 Machi

Kapiga simu. Nilijua tu atapiga.

"Suyun, ni mimi."

"Mimi nani?"

Sauti imemkauka kama aliyelala na homa. "Jingshu."

Nikasema aah, nikamwacha aning'inie. Hakulia, hakulaumu. Alisema nichukue yote, hadai hata sekunde. Ila ile ya kaburini. Nimwombe Pang aikate, itupwe kabisa, au waonyeshe mgongo tu. Nisiweke uso wangu pale.

Najua kwa nini. Ile ndiyo sehemu mbweha anamlilia mama yake. Vuli iliyopita mama wa Jingshu alifariki katikati ya kazi. Pang alimnyima ruhusa: mvua ya bandia imeshalipiwa, farasi wamekodishwa. Wakati wanamzika mama mtu kwao, yeye alikuwa amepiga magoti kwenye matope ya seti, kavaa mkia.

"Ndiyo mazishi yangu yale, Suyun. Mengine sina."

Mama yake namjua. Kila sikukuu ya mashua alituletea chuoni wali wa kunata uliofungwa majani, wa watu wawili, siyo wa mtu mmoja. Aliniita binti yangu wa kitanda cha chini.

Nikamwambia, "Si ulisema wanaotazama ni nguruwe?"

"Nilisema."

"Basi waache nguruwe wale wanachopenda."

Nikakata. Niandike ukweli, hapa hakuna mtu: nilifurahi. Nilifurahi mpaka njaa ikaniuma, nikaagiza tambi za nyama na yai la ziada.

Ijumaa, 19 Machi

Nimemwomba Pang ya kaburini tuifanye leoleo. Nilitaka imalizike.

Sikuweza kulia. Kitunguu, wapi. Dawa ya mafua nimepaka chini ya macho mpaka pua ikawaka, wapi. Kwenye kioo cha kompyuta Jingshu anapasuka kwa kilio, na mimi pembeni niko kama mtu aliyeachwa na basi. Wote wamesubiri. Pang kaangalia saa, kaangalia dari.

"Acheni," kasema mwishowe. "Machozi ya yule yabaki yalivyo. Ya huyu, wekeni ngozi tu juu."

Ndivyo ilivyofanywa. Nimeona. Ni mimi pale, mdomo wangu, nyusi zangu, na machozi yanatoka kwangu kama mvua ya kweli. Bi. Ou kavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kasema yule dada hakuwa akililia kamera.

Nimemwambia afanye kazi yake.

Jumapili, 4 Aprili

Siku ya kusafisha makaburi. Stesheni imepanga kipande cha kaburi kirushwe leo, makusudi kabisa. Nimekuja Lanxi kwa mama. Tumefyeka majani kaburini kwa babu, tumechoma karatasi za kuwapelekea wafu, manyunyu yakatuzimia moto mara kwa mara. Mama kanigombeza kwamba nimekuja kaburini na viatu vya kisigino.

Saa mbili usiku imerushwa. Saa tatu jina langu ndilo la kwanza mtandaoni nchi nzima! Wanaliita Chozi la Mbweha. Watu wanajirekodi wakilia. Dereva wa lori kalia, askari kalia, profesa mmoja mzee kaandika kwamba katika tamthilia zote za mizuka alizotazama maishani hajaona huzuni ya namna hii. Wafuasi wanaingia kama siafu. Nimekaa kitandani nasoma mpaka simu imechemka mkononi.

Katikati ya hayo Jingshu katuma picha. Hakuandika neno. Kaburi, maua meupe yameloa, na karatasi iliyoungua nusu.

Ningejibu nini? Nimeifuta.

Jumanne, 6 Aprili

Mahojiano ya kwanza. Viti vyeupe, taa, mtangazaji mwenye meno mengi. Kaniuliza chozi lile nimelitoa wapi. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema nilimfikiria mama yangu amekufa. Ukumbi mzima, oooh! Nikaona ni jibu zuri, nikaongeza na kamasi kidogo.

Jioni mama huyo kwenye simu. Nyuma yake vigae vya mchezo wa majong vinagongana, yuko mezani na wenzake.

"We mtoto! Unanizika mzimamzima mbele ya taifa?"

"Mama, ni maigizo."

"Igiza kufa wewe! Tena wiki ya makaburi! Mama Fei wa jirani kaja na pole zake, amevaa nyeusi, mimi nimeshika vigae mkononi nakaribia kushinda! Tema mate chini. Mara tatu. Nisikie."

Nimetema. Nikasikia kina mama wanakufa kwa kicheko.

Alipopoa kaniuliza habari za Jingshu. Kumbe Jingshu alimpigia kumtakia heri, na anataka kuja kumtembelea. Nimemwambia asimfungulie mlango, huyo ni nuksi tupu sasa hivi.

"Nimfungie mtoto wa watu, yatima, kwa kosa gani?" kasema mama. "Marehemu mama yake alikuwa akikulisha wewe." Akakata, zamu yake ya kucheza ilikuwa imefika.

Amenikera. Nimelala mapema.

Ijumaa, 9 Aprili

Balaa. Kuna mtu mtandaoni kaweka picha mbili, sikio langu na sikio la mbweha. La mbweha lina kidoti kwa nyuma. Langu halina. Bi. Ou alisahau sikio! Sasa wanauliza: kama sikio si lake, chozi ni la nani? Nusu ya wale waliolia juzi leo wanataka kurudishiwa machozi yao.

Stesheni imetetemeka kidogo, kisha ikaja na dawa. Kesho alasiri, mubashara, ukumbi wa duka kubwa la mjini, mashabiki mbele. Mtangazaji atanishtukiza aniombe nilie. Atanishtukiza, nimeshaambiwa! Nikilia, msimu wa pili ni wangu, mwili na uso na sikio.

"Moja tu," kasema Pang. "Jicho lolote."

"Na nikishindwa?"

"Suyun, nyuso ziko nyingi mjini hapa." Kasema kwa upole kabisa, huku anakula tikiti.

Nimekaa mbele ya kioo tangu mchana. Nimemfikiria babu. Nimemfikiria paka aliyegongwa. Nimejifikiria mimi nikirudi kucheza maiti, hapo kidogo jicho likawasha, basi. Mkavu kama ubao.

Nimempigia Jingshu. Ndiyo, nimempigia. Kapokea mara moja, kama alikuwa ameishika simu. Nimemuuliza anafanyaje, kuna njia gani. Nilitegemea atukane, au aniambie niombe radhi, na ningeomba, maneno hayana gharama. Hakutaka chochote. Kasema tu atakuja kesho anisaidie, asubuhi ana safari fupi kwanza.

Sikupenda alivyokubali upesi.

Jumamosi, 10 Aprili

Naandika chooni nyuma ya jukwaa. Nimefunga komeo. Nje mtangazaji anawachangamsha watu, wanaita Su-yun! Su-yun! Ukuta unatikisika.

Jingshu yuko humu ndani na mimi. Barakoa, kofia, tope kwenye viatu. Alipoingia nilimwambia fanya haraka, nipe mbinu. Kasema hana mbinu, hajawahi kuwa nayo. Kaegemea sinki akaniangalia usoni muda mrefu. Uso huu.

Kisha kasema ametoka Lanxi. Polepole, bila kupandisha sauti. Kwamba alimkuta mama yangu sakafuni jikoni, sufuria bado iko motoni. Kwamba alimshika mkono, na mkono ulikuwa bado na unga. Kwamba mama aliuliza kama nakuja.

"Muongo," nimesema.

"Haya, muongo."

Nimempigia mama. Inaita, haipokelewi. Jumamosi alasiri huwa kwenye majong, na akiwa mezani hapokei hata nyumba ikiungua. Huwa hapokei! Nimempigia Mama Fei. Hapokei naye. Lakini naye si huwa meza hiyohiyo?

"Jingshu, apa."

"Kalie kwanza," kasema. "Dakika tano tu. Ukirudi nitakwambia kama nilikuwa naigiza."

Nimemshika kola. Hakujitoa. Macho yake makavu kabisa, sijawahi kuyaona makavu hivyo. Nimemwita mshenzi, nimemwita Dada, nimemwambia mama yangu hakukukosea kitu. Kasema, "Wangu je, alikukosea?"

Yanashuka. Wino unatawanyika hapa, siwezi kuona mstari. Mkono una unga, mkono una unga. Mama hupika maandazi ya mvuke siku za Jumamosi kabla hajaenda kucheza. Jingshu analijua hilo. Au aliyaona.

Pang anagonga. "Suyun! Uko tayari?"

Nimejitazama kwenye kioo. Niandike na hili. La kushoto linashuka vizuri zaidi kuliko la kulia, na nimegeuza kichwa upande huo, kuona taa itakavyolipata.

Simu inatetemeka. Mama Fei. Ndiye anayepiga, jina lake hili hapa. Pang anagonga kwa ngumi sasa, anasema sekunde thelathini. Jingshu ananiangalia mimi, haiangalii simu.

Nikipokea, na akaniambia mama mzima, yatakauka.

Bado inaita.