Madam, Nilikosea Fomu ya Zulaika

Madam,

Nilitaka kukuandikia nikiwa na habari njema tupu. Nimengoja mwaka na nusu tangu tukuzike kule Bungoma, na habari njema tupu hazijapatikana, basi nakuandikia na hizi nilizo nazo. Nyingi ni nzuri. Moja ni mbaya, nayo ni kosa langu mwenyewe, ndiyo maana nimechelewa.

Nianze na ofisi yako ya ushauri wa vyuo. Wiki moja baada ya mazishi hedimasta aliniita, akanipa funguo zako, akasema wewe Opio ndiye uliyekaa naye, endelea. Basi asubuhi nafundisha baiolojia kama zamani, na mchana nakaa kwenye kile chumba nyuma ya maabara. Treni ikipita upande wa Namuwongo tunanyamaza wote mpaka iishe, kisha tunaendelea kuulizana habari za vyuo. Wanafunzi bado wanakiita chumba "kwa Madam". Kuna watoto wa kidato cha tano ambao hawakukuona hata siku moja. Wanatumwa kwa Madam, wanafungua mlango, wanakuta mwanamume mwenye ndevu. Mmoja aliomba radhi, akafunga mlango, akaenda zake.

Ssemakula unamkumbuka, yule ambaye baba yake alitaka awe wakili kwa lazima. Ulimwambia mzee wake, "Chuo si mbingu, baba. Mtoto akikikosa haendi motoni." Mzee alikasirika, hakurudi tena. Kijana alienda chuo cha ufundi akasoma umeme, na sasa nusu ya nyumba za mtaa wao taa zimewekwa naye. Baba yake anamwita injinia mbele ya watu. Hajasema kwamba ulikuwa sahihi, lakini tulipokutana sokoni alinisalimia kwa mikono miwili, nami nikaipokea kwa niaba yako.

Sasa ile mbaya.

Unajua ulivyotufundisha. Mtoto wa kidato cha sita hajazi fomu ya chuo peke yake. Anaijaza kwanza kwa penseli, analala nayo, kisha anarudi na mtu. Hukusema mzazi, kwa sababu wengine hawana. Ulisema mtu. Mwaka mmoja msichana alikuja na mama mwenye nyumba wanayopanga, na mvulana mwingine akaja na mwendesha boda aliyekuwa akimleta shule. Wote uliwakalisha kwenye benchi, ukawapa chai, ukauliza maswali yako yale yale: nani atalipa, mtoto atalala wapi, na akikosa kozi anayoitaka nyumbani watasemaje. Mimi nilikuwa naleta sukari huku nikisema moyoni kwamba tunapoteza muda. Naomba radhi kwa hilo pia.

Siku hizi fomu ziko kwenye kompyuta. Hedimasta alitupa chumba cha kompyuta kwa siku mbili, watahiniwa sitini na kitu, na mtandao unaokuja na kuondoka unapotaka. Nikajiambia mambo ya penseli na benchi yalikuwa ya wakati wa Madam. Nikakalisha watoto wawili wawili kwa kila mashine, nikawa napita nyuma yao, na siku ya pili saa tisa alasiri tulikuwa tumemaliza wote. Kazi yako ya mwezi mzima, mimi siku mbili. Walimu wenzangu walinipongeza, nami nikatembea kifua mbele.

Katika hao alikuwamo Zulaika. Humjui, alihamia kwetu ulipokuwa umekwisha kuugua. Ni mtoto wa polisi kama mimi, amezaliwa kambini na kulelewa kambini mpaka baba yake alipofariki. Baba alikuwa Mwislamu wa Yumbe, mama ni Mkatoliki wa Masaka, anauza beseni na ndoo za plastiki sokoni Kikuubo. Msichana anajua hesabu kuliko baadhi yetu tunaolipwa kuifundisha. Alitaka kusomea upimaji wa ardhi, na ukimuuliza sababu anakueleza bila kumeza mate. Kwenye fomu kuna mahali panapouliza wilaya ya asili. Zulaika akaandika Kampala. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasoma, nikasema sawa, mwingine.

Wewe unajua maana yake. Kila wilaya ina nafasi zake chache ambazo serikali inawalipia watoto wa huko, na kwenye wilaya za mbali wanaozigombania si wengi kama hapa mjini. Mtoto wa Yumbe akiandika Kampala, anajipanga foleni moja na watoto wa shule kubwa zote za mji. Na kosa hili ni letu sisi watoto wa kambi. Ukituuliza kwetu ni wapi, tunakutajia namba ya nyumba ya polisi. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi wako niliandika hivyo hivyo, ukafuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, ukaniuliza, "Opio, babu yako amezikwa wapi?" Nikasema Kitgum. Ukasema basi andika Kitgum. Kwa neno hilo moja nilisomeshwa na serikali miaka mitatu. Mimi huyo huyo, Madam, nikasoma Kampala kwenye kompyuta ya Zulaika na nikapita.

Orodha zilipotoka hakuwamo. Alikuja ofisini na simu mkononi, akanionyesha jina la kijana wa Yumbe aliyepata kozi ile ile kwa alama za chini kuliko zake. Hakulia wala hakulaumu. Aliuliza tu, "Mwalimu, huyu amenishinda na nini?"

Nilimwambia nitaangalia. Uongo. Nilijua palepale kosa liko wapi. Nilienda kwa hedimasta, naye si mtu mbaya, akaniambia kompyuta huchagua inavyotaka, wazazi wamezoea, nisijitie kitanzi kwa jambo ambalo hakuna atakayeligundua. Siku tatu nililifuata shauri hilo. Nilifundisha mzunguko wa damu nikitazama ukuta. Siku ya nne nikaenda Kikuubo.

Unaijua Kikuubo saa nne asubuhi. Huwezi kusimama mahali bila mtu mwenye mzigo kichwani kukufokea umpishe. Nilimkuta mama Zulaika amezungukwa na ndoo mpaka kiunoni, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana hapakuwa na pa kukaa. Sikuisingizia kompyuta. Nilisema nilisoma mwenyewe, nikapitisha mwenyewe, na kwamba ningemwita yeye kwanza, kama ulivyokuwa ukifanya, isingetokea. Aliuza ndoo mbili nikiwa naongea. Sifa zako alikuwa amezisikia kwa akina mama wenzake, kwa hiyo akaniuliza, "Ule Madam alikufa, yeye angekosea hii kitu?"

Nikasema hapana.

"Sawa," akasema. "Sasa tunafanya nini?"

Hapo nilikuhitaji sana. Nilitamani nikimbie mpaka ofisini nikukute umepandisha miwani kwenye paji la uso, nikukabidhi yule mama, niende kuleta sukari. Nina miaka thelathini na minne, Madam, na katikati ya zile ndoo nilijiona mtoto.

Njia ilikuwa moja. Chuo Kikuu cha Kyambogo walikuwa wamempa nafasi ya kujilipia, na serikali inakopesha wanaosoma kozi za sayansi. Mkopo hulipa ada, haulipi chumba wala chakula. Nao watu wa mkopo waliuliza asili, na safari hii walitaka barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mtu wa ukoo athibitishe kwamba mtoto ni wao. Mama Zulaika akaiweka chini ndoo aliyokuwa ameishika. Ndipo akanieleza kwamba mumewe alipokufa, shemeji yake alilichukua shamba la marehemu akamwambia arudi kwao Masaka. Tangu siku ile amekuwa akiwaambia watoto kwamba kwao ni hapa Kampala, wasiulize kwingine. Kwenye benchi lako haya yote yangetoka kabla chai haijapoa.

Tulikwenda watatu. Tulivuka Pakwach mchana, tukalala Arua, kesho yake tukafika Yumbe. Baba mdogo wake Zulaika, shemeji huyo huyo, alitupokea vizuri, tukatandikiwa mkeka, mwenyekiti akaitwa. Baba mdogo akaisoma fomu polepole, mstari kwa mstari, mpaka akafika penye kozi. Kwa jambo hili utanicheka. Sikuwa nimefikiria hata kidogo. Nilikuwa nimempeleka msichana kwa mtu aliyekalia shamba la baba yake, kumwomba sahihi ili akasomee kupima mashamba.

Aliweka fomu chini. "Wewe unataka kupima shamba ya nani?"

Nilifungua mdomo nitafute uongo mdogo wa kutufaa. Zulaika alinitangulia. "Ya yule atanilipa, Baba mdogo," akasema. "Ya baba yangu nitapima bure."

Mama yake alitazama mkeka. Mimi nilianza kukadiria basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Kisha bibi yake, mama wa marehemu, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharage bila neno, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, akasema maneno kwa Kiaringa, lugha ya kwao, ambayo mwenyekiti alinitafsiria: mdomo huo ni wa mwanangu, hakuna haja ya shahidi mwingine. Baba mdogo hakucheka, lakini mbele ya mama yake hakuweza kukataa. Akathibitisha, mwenyekiti akagonga muhuri. Nilipomwomba awe pia mdhamini wa mkopo alisema sasa mwalimu umezidi, nikaona ni kweli. Habari ya shamba haikuguswa tena.

Basi mdhamini mmoja akawa mama yake, wa pili nikawa mimi. Mke wangu Grace aliniuliza, na msichana akishindwa kulipa? Nikamwambia tutalipa sisi, polepole. Akaenda kuniletea kalamu.

Mkopo ulitoka. Zulaika yuko Kyambogo muhula wa pili, analala mtaa wa Banda kwa shangazi wa rafiki yake, analalamika kwamba mazoezi ya upimaji ni kusimama juani kutwa nzima na kwamba vifaa vya kupimia hushikwa na wavulana. Nimemwambia naye avishike. Chakula bado ni taabu, mama yake humpelekea kila Jumapili, na ifikapo Alhamisi huwa kimeisha. Nami sijidanganyi. Angesoma bure kabisa, na sasa atalipa kwa miaka mingi kwa sababu mimi nilitaka kumaliza mapema. Hilo sikulitengeneza, na halitengenezeki.

Mwishoni mwa mwaka jana, watahiniwa wapya walipofika kwenye fomu, niliwaita watu wao wote. Hedimasta alilalamika juu ya sukari, lakini akaitoa. Siku ya kwanza nilisimama nikawaeleza kosa langu, bila kutaja jina la mtoto, ili waelewe kwa nini nimewasumbua. Huenda nilikosea tena kusema. Mzee mmoja, polisi mstaafu, alisimama akasema kama mwalimu mwenyewe ni huyu, fomu ya mwanawe ataijaza nyumbani kwa mikono yake. Wengine wakaanza kunung'unika, mama mmoja akachukua mkoba wake.

Mama Zulaika alikuwa amekaa nyuma. Sikumwalika. Mtoto wake aliyebaki shuleni yuko kidato cha pili, hana fomu yoyote. Alisimama na aproni yake ya kazini, akangoja mpaka watu wakanyamaza.

"Mtoto alikuwa yangu," akasema. "Huyu mwalimu alikosea fomu yake, akakuja Kikuubo kuniambia yeye mwenyewe. Akikosea ya mtoto yako, utajua."

Akakaa. Mzee alibaki amesimama kidogo, kisha naye akakaa, na yule mama akaurudisha mkoba chini ya benchi.

Nimejaribu kuwa kama wewe, Madam, nimeshindwa, na sitajaribu tena, kwa sababu wewe hukuwa ukikosea. Ahadi ninayoiweza ni ndogo kuliko hiyo. Nikikosea tena, na nitakosea, mwenye mtoto atasikia kutoka kwangu, siku hiyo hiyo, si siku ya nne.

Pumzika vizuri huko Bungoma.

Mwanafunzi wako,
Opio