Mtu wa Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi
Tangi la pili tumeanza leo. Kutu yake — magamba magamba! Nimeikwangua kwa mchanga wa kupuliza tangu asubuhi, kofia kichwani, mpira wa hewa ya kupumua kutoka kwenye kompresa unaburuzika nyuma yangu kama mkia. Shemeji yuko nje mlangoni pa tangi, kashika kamba ninayovuta nikipata shida. Kazi hii nilimwombea mwenyewe kwa fomeni. Nikasema huyu ni kaka wa mke wangu, namdhamini. Mtu wa mlangoni ana kazi moja tu: asibanduke. Aliye ndani haoni wala hasikii kitu.
Kazi ameishika haraka. Nimejivuna kidogo.

Jumatano, 6 Machi
Chuma kimetoka cheupe, kinang'aa. Praima ya kwanza, rangi ya kuzuia kutu, imeingia leo leo kabla unyevu haujarudisha kutu. Kesho mkono wa pili. Afisa usalama kapita, kakagua feni, taa, kompresa. Kasema kwa mvuke huu wa thina ya kuzimulia rangi, cheche moja tu tutaokota vipande. Shemeji kacheka: "Shem, usilipuke, dada atanila nyama!" Tumecheka wote.

Alhamisi, 7 Machi
Niandike tu.
Nilikuwa nyuma kabisa ya tangi, napuliza rangi. Hewa kwenye barakoa ikapungua. Ikakata. Nikavuta kamba — kimya. Nikavuta tena, kamba ikanijia yote, imelegea, haina mtu! Nikapiga ukuta kwa ngumi. Kwa chuma nisingethubutu, cheche. Barakoa inanifyonza uso. Nikaivua. Thina ikaniingia mpaka kwenye meno. Nikatambaa kufuata mwanga. Nilitoa kichwa nje nikatapika.
Mlangoni hakuna mtu. Dereva wa forklifti alizima kompresa aisogeze, lori lipite. Anasema hakuona wa kumkataza. Shemeji yuko kwenye kivuli cha karakana, simu sikioni, anacheka!
Aliponiona akaja mbio, machozi yanamtoka. Shem, nisamehe. Shem, nisamehe.
Nikamsamehe palepale, bado natapika.

Ijumaa, 8 Machi
Kichwa kinagonga. Kikao ofisini. Afisa usalama kauliza hewa ilikatikaje. Kabla sijafungua mdomo, Shemeji kasema hakubanduka mlangoni hata kidogo. Joto lilinishinda, eti, nikavua barakoa mwenyewe. Na si mara ya kwanza! Macho makavu kabisa. Nikamtazama dereva. Dereva akatazama viatu vyake, kisha akasema kompresa aliizima baadaye, nilipokwisha toka.
Afisa kanigeukia: "Fundi, barakoa ulivua, hukuvua?"
Nilivua. Ndiyo, nilivua! Lakini —
Hiyo lakini hawakuitaka. Nisubiri nyumbani. Jumatatu nikikubali kosa, ni onyo tu. Nikikataa, uchunguzi unaanza, na aliyedanganya anafukuzwa. Wawili wanasema lao. Mimi niko peke yangu.
Kwenye korido Shemeji kanipita kama hanijui.

Jumamosi, 9 Machi
Sikula. Mke wangu anadhani ni thina. Ya kikaoni sijamwambia. Ni kaka yake wa damu. Nitaanzia wapi?

Jumapili, 10 Machi
Wamekuja. Shemeji na mama mkwe. Watoto wamemrukia: "Mjomba! Mjomba!" Nimejifungia chumbani, nimesema navaa. Namsikia sebuleni anawahadithia: baba yenu joto lilimzidi, akavua barakoa yake kama mtu anayekwenda kuoga! Wanacheka. Wanangu wanacheka.
Mke wangu kaingia, kaurudisha mlango polepole. Kakaa kitandani. Kumbe kikao anakijua chote. Anasema kubali tu, Baba Watoto, wewe fundi mzoefu, onyo halikuui. Kaka watamtupa nje, na mkewe karibu anajifungua.
Nikamwambia aliniacha mle ndani. Ningekufa.
"Najua," kasema. "Aliniambia siku ileile."
Siku ileile! Alhamisi alinikanda kifua kwa maji ya moto. Akanifokea, kwa nini hukuwa mwangalifu, kwa nini ulivua? Nikamwomba msamaha. Mimi! Na yeye anajua.
Kafungua kabati, kanichagulia shati, kafungua vifungo kimoja kimoja, kalilaza kitandani. Katoka.
Mama mkwe anaita. "Mwanangu, toka basi, tunakusubiri wewe tu." Nimejibu nakuja. Anaita tena. Kesho ni Jumatatu, nikubali au nikatae. Shati liko hapa, mikono imetanuka. Nimesema nakuja —