Mayai ya Mama na Taa ya Asilimia Arobaini

Jumamosi, Ikungi. Upepo unagonga mabati tangu asubuhi, na sina hamu hata ya kushika bisibisi.

Mayai ya mama yamekufa.

Kumi na moja, ya yule kuku mwekundu, wa mwisho wa mbegu aliyoifuga mama kabla sijazaliwa. Mama tulimzika baada ya mavuno. Wiki iliyopita kicheche akambeba kuku akiwa anaatamia. Mayai nikayakuta bado ya vuguvugu.

Nikayahamishia kwenye boksi langu la mbao. Taa ya gari ya volti 12, betri ya sola, na sakiti ya PWM niliyojifunza mwenyewe kwenye simu. Inawasha na kuzima taa mamia ya mara kwa sekunde: asilimia 40 ya muda imewaka, 60 imezimwa. Jicho linaona mwanga hafifu tu, uliotulia. Kipimajoto 37.5, joto la kuku anayeatamia.

Baba mdogo alinicheka. "Fundi siku hizi anaatamia!"

Acha acheke. Jana nilimulika yai kwa tochi, nikaona kifaranga anacheza ndani.

Leo nimeitwa Sepuka kufunga sola. Nikampitia shangazi, dada yake baba. "Shikamoo shangazi. Naomba unichungie taa isizimike."

Basi. Sikusema zaidi ya hapo.

Nimerudi jioni, boksi linawaka kama duka la simu. Kipimajoto 58. Waya wa taa umeungwa moja kwa moja kwenye betri. Sakiti yangu imewekwa pembeni, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi.

"Ilikuwa inafifia, mwanangu," akasema. "Hicho kidude kimechoka. Nikasema vifaranga vya wifi yangu havifi kwa baridi nikiwa hai."

Ameukata ule waya kwa meno.

Nimemulika yai moja moja. Hakuna kinachocheza.

Nina hasira, na sina pa kuipeleka. Hajui. Amebeba kigoda chake, amekaa karibu na boksi, ananiuliza vifaranga wataanguliwa lini.

Taa nimeiacha iwake yote. Nikiipunguza ataniuliza kwa nini. Kwa hesabu yangu, betri haifiki asubuhi.

Mimi ambaye sijawahi kukubali kazi yangu isemwe vibaya, kesho nitamwambia shangazi betri niliyofunga ilikuwa mbovu, ikazima usiku, baridi ikawaua.