Tundu la Sita Kwenye Shabaha Yangu

Jumamosi, Njinjo

Saidi na mdomo wake! Wiki nzima ananicheka kwa risasi zangu ndefu zenye ncha kali. "Dada Somoe, hizo sindano za kushonea. Upepo unataka kitu butu, kinene." Nimemweleza mpaka mate yamenikauka: risasi butu inagombana na hewa, kasi inaishia njiani, na upepo unaisukuma pembeni unavyotaka. Hasikii.

Leo sisi askari wa wanyamapori tulishindania nafasi moja ya timu ya kulenga shabaha. Mita mia sita, upepo mkali ukitoka kushoto. Saidi alilala kushoto kwangu.

Kila mtu alikuwa na risasi tano, nami nikapiga zangu zote. Shabaha yangu ikakutwa na matundu sita.

"Umezidisha," mkuu wetu akasema. "Unatolewa."

Nikageuka kushoto. Shabaha ya Saidi ilikuwa na matundu manne, na mwenyewe anatazama viatu vyake. Nikamkazia macho mpaka...

"Shikamoo, mkuu," akaanza, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. "Hiyo ya sita ni yangu. Upepo umeibeba."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Nafasi nimepata mimi, na naogopa kweli kwenda kuaibika huko kwenye timu. Ila jioni Saidi amekuja kuniomba nimfundishe. Nimemwambia aanze kwa kuniita mwalimu. Ameniita.